Mahakama Inapogawa Malezi ya Mtoto: Mwongozo kwa Wazazi na Ndugu

Mtoto akiondolewa nyumbani kwa amri ya mahakama, ukoo mzima huuliza: nani kashinda? Swali hilo huwapotosha watu wengi. Katika mashauri ya ulinzi wa mtoto, mahakama hugawa majukumu: nani akae na mtoto, nani aamue mambo yake makubwa, nani agharamie mahitaji yake, nani aruhusiwe kumwona, na kwa muda gani. Mzazi aliyeondolewa jukumu moja anaweza kubaki na mengine matatu. Ndugu aliyekabidhiwa mtoto anaweza kuwa na mamlaka madogo kuliko anavyodhani. Asiyeelewa mgawanyo huo hutumia miezi akigombana na mtu asiye na uamuzi, au hukaa kimya mpaka muda wa kurekebisha mambo unampita.

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara na unafuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Kenya wana Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na Ibara ya 53 ya Katiba yao ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wamefunga ndoa au hawakufunga. Misingi inafanana, lakini mlango wa kuingilia na taratibu za ndani zinatofautiana, kwa hiyo fuata sheria ya mahali mtoto anapoishi.

Kwanza, jua uko katika shauri la aina gani

Kuna njia mbili, na watu huzichanganya kila siku.

Njia ya kwanza ni pale wazazi au ndugu wanapobishana kuhusu nani akae na mtoto, nani amtembelee na nani atoe pesa za matunzo. Hapa mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto anaweza kupeleka maombi mwenyewe katika Mahakama ya Watoto. Wazazi wanaotalikiana huamuliwa suala hili ndani ya shauri la ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971.

Njia ya pili ni ya ulinzi. Hapa kinachoangaliwa ni kama mtoto anaumizwa, au yuko katika hatari ya kuumizwa kwa kiwango kikubwa. Anayepeleka maombi ni afisa ustawi wa jamii. Bibi hawezi kwenda mahakamani peke yake kuomba amri ya ulinzi, na shangazi pia hawezi. Ukitaka mahakama imlinde mtoto kwa njia hii, kazi yako ni kumfikia afisa ustawi wa halmashauri, kumpa taarifa zilizonyooka, na kufuatilia. Wapo ndugu wanaozunguka kwa mawakili wiki nyingi huku ofisi iliyopaswa kuchukua hatua haijaambiwa lolote.

Tuchukue familia ya mfano itakayotusindikiza. Kuna msichana wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 4. Mama anakunywa pombe kupita kiasi na huwafungia ndani usiku anapotoka. Baba hakufunga ndoa na mama, anafanya kazi katika machimbo ya Geita na hutuma pesa anapozipata. Bibi mzaa mama yuko Kondoa. Shangazi, dada wa baba, yuko Singida. Wote wawili wanawataka watoto.

Kabla ya mahakama: taarifa na mazungumzo

Sheria inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au ya kijiji. Jirani anayesikia watoto wakilia usiku mlango umefungwa anahusika moja kwa moja. Milango iliyopo ni hii: mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, kamati ya kata au kijiji ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), na namba 116 ya simu ya watoto, ambayo haitozi pesa. Mtoto akiwa amejeruhiwa au amebakwa, mpeleke hospitali mara moja. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono huunganisha matibabu, polisi na ustawi mahali pamoja. Polisi hutoa fomu namba 3, maarufu PF3, ambayo daktari huijaza na ambayo hutumika baadaye kama ushahidi.

Afisa akipokea taarifa anaweza kumwita mzazi wazungumze. Kesi nyingi huishia hapo. Mzazi anayekataa kufuata yaliyoamuliwa hupelekwa mahakamani, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi au kumtaka asaini ahadi ya maandishi kwamba atampa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Kama wewe ndiye mzazi uliyeitwa, nenda. Nenda hata kama jirani kakusingizia. Kutokwenda ndiko kunakoligeuza shauri la mazungumzo kuwa shauri la mahakamani, na afisa ataandika katika ripoti yake kwamba uliitwa ukakaidi.

Jambo moja lieleweke wazi: umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema hivyo bila kuzungusha maneno. Mzazi anayeshindwa kununua sare si sawa na mzazi mwenye uwezo anayemnyima mtoto chakula. Ukiona suala lako ni ukosefu wa kipato, liseme hivyo mbele ya afisa na uulize kuhusu msaada uliopo, ukiwamo mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Omba jibu lake liandikwe kwenye jalada.

Amri ambazo mahakama inaweza kutoa

*Amri ya usimamizi.* Mtoto anabaki nyumbani na mzazi anaendelea kuwa mzazi kwa ukamilifu, ila afisa ustawi anapewa jukumu la kufuatilia. Mzazi analazimika kumruhusu afisa amtembelee mtoto nyumbani. Amri hii haizidi mwaka mmoja. Hutolewa pale hatari inapoonekana kuweza kudhibitiwa mtoto akiwa kwao.

*Amri ya ulezi.* Hii ndiyo nzito. Kwa mujibu wa kifungu cha 18, mtoto anaondolewa katika mazingira yanayomdhuru, na haki za mzazi zinahamia kwa afisa ustawi wa jamii. Soma sentensi hiyo tena. Haki haziendi kwa bibi wala kwa shangazi, wala kwa meneja wa makao. Zinakwenda kwa afisa, naye ndiye anayechagua mahali panapomfaa mtoto: makao ya watoto yaliyosajiliwa, mtu aliyethibitishwa kuwa anafaa, ambaye katika ofisi za ustawi huitwa familia ya kuaminika, au nyumbani kwa mzazi, mlezi au ndugu. Muda wake haupiti miaka mitatu, au mpaka mtoto atimize miaka 18, lolote litakalotangulia.

*Amri ya muda.* Hutolewa wakati uchunguzi unaendelea na mtoto hawezi kusubiri. Usiidharau kwa sababu imeitwa ya muda. Mtoto akishazoea shule na nyumba mpya, hakimu atafikiria mara mbili kabla ya kumhamisha tena.

*Amri ya kumzuia mtu.* Wakati mwingine anayepaswa kuondoka ni mtu mzima. Mahakama inaweza kumkataza mtu aliyetajwa kwa jina asimkaribie mtoto wala kuwasiliana naye. Kama anayemdhuru mtoto ni mpenzi wa mama au mjomba anayeishi hapo, mwombe afisa afikirie amri hii kabla ya kumng'oa mtoto kwao.

*Mchango wa gharama.* Mzazi aliyeondolewa mtoto anaweza kuamriwa kuchangia matunzo yake. Kupoteza haki ya kukaa na mtoto hakufuti wajibu wa kumlisha na kumsomesha.

Majina unayoweza kuyakuta juu ya karatasi yanatofautiana kidogo. Usishikilie jina, soma kilichoamriwa.

Mambo mawili yako nje ya orodha hii. Malezi ya kambo ni mtoto kulelewa kwa kipindi katika familia isiyo yake chini ya uangalizi wa ustawi. Kuasili huwahamishia wazazi wapya haki zote, moja kwa moja. Kama ni mtoto asiye wa ukoo wao, maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Mtu akikuambia usaini karatasi za "kumsaidia mtoto kwa muda" na neno kuasili limo ndani, usisaini kabla mwanasheria hajaisoma.

Mahakama inapima nini

Msingi ni maslahi ya mtoto. Ili maneno hayo yasibaki hewani, sheria inataja mambo ya kutazamwa wakati wa kuamua nani akae naye: umri na jinsia yake, kwamba ni vyema mtoto awe na wazazi wake isipokuwa haki zake zinavunjwa mara kwa mara, maoni yake mwenyewe, kama ameyatoa kwa hiari, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na mwendelezo wa malezi, yaani kutomhamisha ovyo.

Tuyaweke juu ya familia yetu. Mdogo ana miaka 4. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Taarifa za kufungiwa ndani usiku zina uzito wa kuipindua. Hata hivyo, dhana hii inamhusu mama mwenyewe. Bibi mzaa mama hairithi. Atapimwa kwa malezi anayoweza kutoa, kama shangazi atakavyopimwa.

Msichana wa miaka 9 ana haki ya kusikilizwa. Hakimu atataka kujua kama maneno ni yake au yamepandikizwa. Watoto waliokaririshwa hugundulika haraka, na aliyewakaririsha hupoteza imani ya mahakama.

Ndugu wawili hawatatenganishwa bila sababu nzito. Shangazi akisema anamtaka mvulana tu, amejidhoofisha mwenyewe. Kwa mwendelezo, hakimu atauliza: ni nani tayari amekuwa akiwalea watoto hawa mambo yalipoharibika? Kama kila likizo walikuwa Kondoa kwa bibi, hilo lina nguvu kuliko ukubwa wa nyumba ya Singida.

Na baba? Kutofunga ndoa hakumwondolei wajibu. Kama ubaba unabishaniwa, mahakama huangalia jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kama alimtambua mtoto hadharani au kwa taratibu za kimila, na inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, ambacho hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Akithibitika, anaweza kuomba akae na watoto. Ataulizwa nani atakuwa nao akiwa zamu ya usiku machimboni. Pesa anazotuma zitahesabiwa kwa faida yake ikiwa ana kumbukumbu za miamala.

Hoja ya mahari huibuka karibu kila mara: upande mmoja unasema mahari ililipwa hivyo watoto ni wao, wa pili unasema haikulipwa hivyo ni wa kwao. Mila husikilizwa, na Sheria ya Ndoa inazitaja kati ya mambo ya kuzingatia, lakini haziwezi kumrudisha mtoto mahali anapoumizwa. Ukisimama mahakamani na hoja ya mahari peke yake, umefika mikono mitupu.

Jiandae kwa shauri

Karatasi yenye uzito mkubwa katika shauri hili huandikwa na afisa ustawi: ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Atatembelea nyumba, atazungumza na mtoto, walimu, majirani na viongozi wa mtaa, kisha ataishauri mahakama. Kwa hiyo shauri linaanza siku afisa anapogonga mlango wako. Akija, mwoneshe mtoto atalala wapi, atasoma shule ipi na umbali wake, nani atakuwa naye ukienda kazini, na zahanati ya karibu iko wapi. Usijipambe. Kama chumba ni kimoja, sema ni kimoja na ueleze utakavyopanga.

Kusanya mapema:

- cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au tangazo la kizazi kama cheti bado;
- kadi ya kliniki na maandishi ya hospitali, pamoja na PF3 kama ilitolewa;
- ripoti za shule na daftari la mahudhurio;
- barua ya serikali ya mtaa inayoeleza unaishi wapi na mtoto amekaa kwako tangu lini;
- kumbukumbu za pesa ulizotuma au ulizolipa kwa ajili ya mtoto;
- majina ya mashahidi wawili au watatu walioona mambo kwa macho yao.

Shauri la Mahakama ya Watoto husikilizwa faraghani. Utaratibu hulegezwa ili mtoto asihojiwe kama mshtakiwa, na afisa ustawi huwapo. Mtoto ana haki ya kuwa na ndugu yake wa karibu na kuwakilishwa na wakili. Dar es Salaam mahakama hiyo ina jengo lake Kisutu. Katika maeneo mengine Jaji Mkuu huteua majengo ya Mahakama za Mwanzo yatumike kwa mashauri ya watoto. Uliza kwa karani, usikisie. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo una haki ya kuomba upate maombi na amri katika lugha unayoisoma.

Huna pesa za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Taasisi kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada pia. Waendee kabla ya tarehe ya kwanza ya shauri.

Mbele ya hakimu, zungumza kuhusu mtoto zaidi ya unavyomzungumzia mpinzani wako. "Mheshimiwa, huyu ni mlevi" ni tuhuma. "Mheshimiwa, tarehe 3 na tarehe 10 mwezi wa tano niliwakuta watoto wamefungiwa saa nne usiku, mwenyekiti wa mtaa alikuwapo" ni ushahidi. Na usiweke picha ya mtoto wala habari za shauri kwenye magrupu ya WhatsApp, hata lile la ukoo.

Soma amri kwa maswali matano

Usitoke mahakamani bila nakala. Kaa chini uitafutie majibu haya:

1. Mtoto atalala wapi, na kwa nani?
2. Haki za mzazi ziko kwa nani sasa?
3. Nani anaruhusiwa kumtembelea, siku zipi, wapi, na kwa usimamizi wa nani?
4. Nani analipa nini?
5. Amri inaisha lini, na itapitiwa upya lini?

Tuseme katika mfano wetu mahakama imetoa amri ya ulezi ya mwaka mmoja, na afisa amewaweka watoto kwa bibi Kondoa. Bibi anawalisha, anawaamsha waende shule, anawapeleka zahanati. Lakini haki za mzazi ziko kwa afisa. Bibi akitaka kuwahamishia watoto mkoa mwingine, au kuwaruhusu waende Singida likizo nzima, lazima aongee na afisa kwanza. Mama akija mlangoni usiku akiwadai watoto, bibi hana mamlaka ya kuwatoa, na kujua hivyo kunamkinga na ugomvi na binti yake: anamwelekeza ofisini, basi. Baba anaendelea kudaiwa mchango. Shangazi anaweza kuomba kuwatembelea.

Kama swali mojawapo halina jibu katika karatasi, mwombe afisa au karani akuelekeze namna ya kurudi kwa hakimu likafafanuliwe. Mapengo kwenye amri huja kujazwa na mabavu ya ndugu. Na kama hukuridhika na uamuzi, rufaa inakwenda Mahakama Kuu. Uliza siku ileile muda wa kukata rufaa ni siku ngapi.

Mzazi uliyeondolewa mtoto: kazi inaanza leo

Amri ya ulezi si hukumu ya maisha. Mtoto, mzazi, mlezi, ndugu au afisa mwenyewe anaweza kuiomba mahakama iiondoe au iibadilishe. Lakini hakimu hatairudisha hali ya zamani kwa sababu muda umepita tu. Atauliza kilichobadilika.

Mama wa mfano wetu afanye hivi. Aende kituo cha afya kuomba tiba ya ulevi na atunze kila karatasi. Awatembelee watoto kila siku aliyopangiwa, akiwa hajanywa, na akishindwa kufika atoe taarifa. Achangie chochote, hata kilo mbili za unga, na kiandikwe. Afisa anatakiwa kupitia hali ya mtoto mara kwa mara na kupanga mustakabali wake kwa kushirikiana na wazazi. Aulize kikao kijacho ni lini, ahudhurie, aombe masharti ya kurudishiwa watoto yaandikwe moja baada ya jingine. Masharti yaliyoandikwa yanapimika. Ya mdomoni hubadilika kila afisa anapohamishwa, na maafisa huhamishwa sana.

Mara nyingi njia ya kurudi hupitia amri ya usimamizi: watoto wanarudi nyumbani, afisa anaendelea kuwatembelea kwa kipindi. Ipokee. Ni daraja zuri kwa mtoto na kwako.

Mambo ya kufanya wiki hii

Kama shauri la mtoto wa kwenu liko mahakamani sasa, hakikisha una vitu vinne: namba ya shauri, jina na simu ya afisa ustawi anayelishughulikia, nakala ya amri ya mwisho iliyotolewa, na tarehe ijayo. Kisha itisheni kikao cha pande zote mbili za ukoo, mwiteni na afisa kama anaweza kufika, mkubaliane nani atakaa na watoto wote pamoja na nani atachangia nini, mkiandika. Mahakama haifungwi na makubaliano hayo, ila hakimu anayeletewa mpango mmoja wa familia ana njia ya kumwacha mtoto kwa watu wake. Akiletewa pande mbili zinazorushiana maneno, makao ya watoto yataonekana kuwa mahali tulivu zaidi, na kwa mtoto mwenye bibi, shangazi na baba walio hai, hiyo ni hasara ambayo watu wazima wangeweza kuizuia.